Shimo la Pumba

Nyemo mwanangu,

Salamu za kuulizana hali tutapeana kesho asubuhi, utakaponiamkia shikamoo nami nikaitikia marahaba kama siku zote, kwa hiyo humu siziandiki. Sitaandika pia habari za dawa ya kuchua, wala za kuvaa sweta kwa sababu huko Busi unakokwenda kuna baridi, wala za kumsikiliza mama yako mkubwa. Hayo unayajua. Umekwenda kumuaga bibi yako, na namjua mama yangu, hatakuachia kabla hujala. Jua bado liko juu kidogo. Nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la Fizikia la kidato cha tatu, nikachana karatasi za nyuma ambazo hukuziandika kitu.

Nataka kukuambia habari za shimo la kurukia. Najua utasema, mama, shimo tena? Tumeshalizungumza mpaka likaisha. Hatujalizungumza. Wewe ndiye uliyezungumza, na mimi nikakaa kimya.

Unakumbuka lilivyoanza. Mwalimu Yona alikuja hapa nyumbani Jumapili baada ya ibada, akakataa kiti, akakaa kwenye kinu kilichoinamishwa. Akasema, "Mama Nyemo, binti yako anaruka juu kuliko wavulana wangu wawili. Tatizo sina pa kumtua. Huu udongo wetu wa Bahi ukikauka ni jiwe, na mchanga hatuna. Godoro la michezo nimeliona kwenye picha tu."

Nikamwambia, "Mwalimu, watoto wetu pale mashineni wanashinda wakiruka kwenye lundo la pumba za mpunga, na hakuna aliyewahi kuvunjika hata ukucha."

Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kwa hiyo wazo la pumba halikuwa lake, mwanangu. Lilikuwa langu. Baadaye watu walisema ni mambo ya Mwalimu Yona na ujuaji wake, na sikuwasahihisha.

Wanafunzi walichimba shimo, likafika kiunoni. Mimi nikabeba pumba kwa magunia, safari baada ya safari, na wenzangu wa mashineni wakinicheka. Mama Eliya alikuwa akisimama na ungo wake kiunoni ananisalimu kwa Kigogo kwa sauti kubwa, "Mbukwa, mama wa bingwa! Hayo magunia unamshonea mtoto godoro la harusi?"

Nikamjibu, "Mwanangu ndege. Ndege anahitaji pa kutua."

"Ndege gani anayetua kwa mgongo?" Wakaangua kicheko wote. Maana ulikuwa umeanza ule mtindo wa kupita juu ya ufito ukiwa umeelekeza uso mbinguni, na kijiji kizima kilikuwa kimekuja kuona.

Shimo lilipojaa, Mwalimu Yona aliingiza mkono mpaka kwenye bega, akatoka na vumbi kwenye kope. Akaniuliza, "Zitadumu?"

Nikamjibu kwa maneno haya haya, maana sijayasahau: "Zitadumu zikigeuzwa. Mvua ikizipata zinashikana, na za chini zinakuwa kama tofali. Mimi nitazigeuza kila Jumamosi, mpaka chini kabisa."

Jambo hili tunalijua sisi wa mashineni. Wachoma matofali wanapokuja kuchukua pumba za kuchomea, hawachukui za juu tu. Wanachomeka mti ndani ya lundo kwanza, wakikuta pameganda wanatukana na kuondoka. Mwalimu hakuwa na namna ya kulijua. Wewe pia hukuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo.

Mwaka wa kwanza nilizigeuza. Nilikuwa nashuka shimoni na jembe, natoa za juu zote, nazifukua za chini, nazianika kwenye turubai, nazirudisha. Kazi ya asubuhi nzima. Nilikuwa nawashwa mwili mzima mpaka jioni. Na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu baba yako atangulie. Shule nyingine walipokuja kushindana, wasichana wao walikuiteni shule ya pumba, nawe ukawajibu, "Sisi tuna pumba shimoni, ninyi mnazo miguuni." Nilikukaripia mbele ya watu, lakini nilipofika nyuma ya darasa nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Siku zile sikujua kilichokuwa kinakupandisha. Nilidhani ni wepesi wa damu ya akina baba yako. Ni wewe uliyenieleza baadaye kwamba mtu hajivuti juu. Anaisukuma ardhi kwa mguu wa mwisho, anaisukuma chini kwa nguvu zote alizokuja nazo katika zile hatua za kukimbia, nayo ardhi inamsukuma yeye juu kwa nguvu ile ile. Nikakuuliza kama ardhi inasikia, ukanicheka. Ukasema haisikii, lakini haibaki na kitu cha mtu, inarudisha chote. Nikakuuliza kwa nini basi urukie mgongo. Ukachukua kamba ya katani, ukaipitisha juu ya mpini wa mwiko, ikapita kidogo kidogo, kichwa kimeshashuka upande wa pili na mkia bado haujapanda. Ukaniambia mwili nao unapita hivyo, kipande kwa kipande, kwa hiyo uzito wote haulazimiki kuwa juu ya ufito kwa wakati mmoja. Nilipenda sana kufundishwa nawe. Mimi niliyeishia darasa la saba nilijiona kama nimekaa dawati la mbele.

Lakini hilo ni la baadaye. Narudi kwenye mwaka wa pili.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, unakumbuka, mabonde yalijaa mpaka watu wakavua samaki karibu na barabara. Shimo lilinyeshewa miezi. Mvua zilipokatika jua lilikausha juu, na shule ikaanza mazoezi. Kazi yangu ilikuwa kulifukua lote. Jumamosi ya kwanza mpunga mpya ulianza kuingia mashineni na mashine haikuzimwa, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Jumamosi ya pili nilikwenda. Nilishuka, nikapiga jembe, likagota. Nikapiga tena upande mwingine, likagota. Pumba zilikuwa zimeshikana na tope lililoingia na maji, kitu kizito, cheusi, kinanuka. Nikatazama ukubwa wa shimo. Kiuno kilikuwa kinaniuma. Nilichoka, Nyemo. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta sababu nyingine miaka miwili hii na sijaipata.

Nikaenda mashineni, nikaleta magunia sita ya pumba mpya, nikazimwaga juu. Zikang'aa kama dhahabu. Mwalimu Yona alipita, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akasema, "Mama Nyemo, Mungu akubariki."

Nikaitikia amina.

Siku yenyewe nilikuwepo. Ufito ulikuwa umepandishwa kufikia kidevu chako, na kulikuwa na yule mgeni aliyekuja kuchagua wasichana wa shule ya michezo, amekaa na daftari lake chini ya mwavuli. Ulikuja kwa ile njia yako ya kujipinda, hatua ndefu, kisha fupi, ukasukuma, ukapanda. Ulipita. Ufito haukutikisika. Nilikuwa nimeshapandisha mikono ili nipige vigelegele, na mikono ikabaki juu, kwa sababu nilisikia sauti. Pumba hazina sauti. Mtu akitua kwenye pumba unasikia kama gunia limekohoa. Ile ilikuwa sauti ya ukuni.

Wenzako walidhani unatania kwa sababu hukulia. Ulisema tu, "Mama, nyonga."

Wakakupeleka Dodoma kwa gari la mpunga, umelazwa kwenye magunia matupu. Mama yako mdogo akaenda nawe, mimi nikaambiwa nifuate kesho yake na nguo na chakula. Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Alfajiri, kabla ya kupanda gari kukufuata, nilikwenda shimoni na jembe. Nilikata lile ganda la chini, kipande kwa kipande, nikalitupa korongoni. Nikafukua, nikapepeta, nikachanganya na zile mpya, nikasawazisha. Ile kazi niliyoona siiwezi nilipokuwa nimechoka, asubuhi ile niliimaliza kabla wanafunzi hawajaja kufagia. Kisha nikanawa miguu na kuja hospitali kukushika mkono.

Kamati ya shule ilipokwenda kukagua, mkuu wa shule aliingiza mkono mpaka kwenye bega. Mama Eliya alikuwepo, alinisimulia. Mkuu akasema, "Mbona laini kama godoro? Hapa hata yai halivunjiki." Basi wakakubaliana kuwa shimo halina kosa. Kosa likabaki kwenu wawili. Mwalimu Yona aliambiwa amefundisha mtindo wa hatari kwa mtoto wa watu, akahamishwa kabla muhula haujaisha. Alikuja kuniaga, unakumbuka ulikuwa umelala na mguu umefungwa. Alisimama pale pale penye kinu, safari hii hakukaa. Akasema, "Mama Nyemo, nisamehe." Na mimi nikamwambia nimemsamehe. Nyemo, nilimsamehe yule mwalimu kwa kosa langu, naye akainama akanishukuru.

Na wewe ukaanza kusema, "Nilikunja mgongo mapema. Nilitua vibaya." Ulimwambia daktari, ukamwambia bibi, ukawaambia wenzako waliokuja na machungwa. Kila ulipoyasema nilikuwa nimekaa hapo hapo, naosha bakuli.

Miezi ile ya kitandani ndiyo uliyonifundisha. Ulikuwa umechoka kutazama dari, nikasema nifundishe hicho unachosoma, ukawa unafungua hili daftari na kunitafsiria Kiingereza chake. Nilidhani nakuliwaza. Lile somo la yai, unalikumbuka? Uliniambia nishike kanga kwa pembe mbili, mama yako mdogo ashike nyingine mbili, ukalirusha yai kwa nguvu zako zote, likaingia kwenye kanga likazama, halikuvunjika. Ukasema yai lile lile likirushwa ukutani kwa kasi ile ile linapasuka, na tofauti siyo kasi, tofauti ni muda wa kusimama. Kanga inalipa yai muda. Ukuta haulipi. Ukasema ndiyo maana golikipa anarudisha mikono kifuani anapodaka, na mtu akiruka kutoka ukutani anakunja magoti. Mama yako mdogo akasema, "Kwa hiyo yai letu la mboga limepona kwa Fizikia," tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka nikiwa nimeshaelewa. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Wiki chache baadaye ulikuwa unaandika peke yako muda mrefu. Nilikuwa nachagua mawe kwenye mchele. Ukasema, "Mama, hebu sikia. Nimepiga hesabu ya siku ile. Kimo nilichoangukia nakijua. Nikisimamishwa ndani ya urefu wa mkono, nguvu inayonipiga ni ndogo, hata nikitua vibaya navimba tu. Nikisimamishwa ndani ya vidole vitatu, inakuwa karibu mara saba. Mfupa wangu umevunjika kwa hiyo ya vidole vitatu. Lakini shimo lilikuwa laini mpaka chini, mkuu mwenyewe alipima. Haiji. Labda nimekosea hesabu."

Ulinitazama. Ulinipa nafasi, bila kujua, na ulikuwa umeshika kalamu.

Nikasema, "Labda umekosea."

Ukapiga mstari. Nimeufungua ukurasa huo sasa hivi, upo mbele yangu, mstari mmoja kutoka pembe mpaka pembe, umekandamiza mpaka karatasi imetoboka kidogo. Na kuanzia siku ile sikukuona tena ukipiga hesabu kwa raha. Ulikuwa ukifika kwenye jibu unaniuliza mimi, wa darasa la saba, kama limekaa sawa. Mtihani wa mwisho ulipotoka, somo ulilokuwa ukiliongoza ndilo lililokuangusha kuliko yote. Watu walisema ni maumivu. Mimi najua kilichokuangusha. Nilikuvunja mara mbili, na ile ya pili sikuwa nimechoka.

Hukukosea hesabu, Nyemo. Ilikuwa vidole vitatu.

Sikuombi unijibu. Siandiki ili nyonga yako inyooke, daktari ameshasema itabaki ilivyo, na mimi ninapokuona unapandisha upande mmoja wa gauni ili usionekane unavyochechemea, sioni faraja yoyote ya kukupa. Siwezi kusema kila kitu kina sababu. Hiki sababu yake naijua. Shule ya michezo ilichukua msichana mwingine. Viatu vyako umevitupa chooni nikakuona. Kesho unakwenda kumsaidia mama yako mkubwa kukoroga uji wa watoto wa chekechea, na umeniambia hutaki kuona kiwanja tena maishani. Sikulaumu.

Kuna jambo moja tu nililojifunza, na nimelijifunza kwa gharama yako. Nilidhani uongo nao ni laini. Nilidhani nikimwaga kimya kidogo juu ya lile gumu, na kidogo tena mwezi ujao, kila mtu atatua salama. Juu pakawa panang'aa. Lakini sisi wawili tumekuwa tukitua hapo kila siku, katika nyumba hii, nami nilikuwa nasikia ile sauti ya ukuni kila ulipojilaumu mbele ya wageni. Nilikuwa naisikia peke yangu.

Kesho gari lako likiondoka, nitapita shuleni kwa mkuu nikamwambia. Sijui atanifanya nini, pengine hatafanya lolote, watu wameshasahau. Nimemwandikia na Mwalimu Yona pia. Mama Eliya ameulizia, anasema yuko shule moja huko Chemba na hafundishi tena michezo, anafundisha Uraia tu. Barua yake ilikuwa ngumu kuliko hii, kwa sababu yeye si mwanangu na hana sababu ya kuisoma mpaka mwisho.

Ukifika Busi, fungua begi lako mpaka chini kabisa, chini ya lile shuka la maua. Utakuta kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga yangu ya zamani. Alfajiri ile, nilipokuwa natupa korongoni, kipande kimoja nilikiweka kiunoni. Sikujua kwa nini. Kimekaa chini ya sanduku langu hadi leo. Kina ukubwa wa tofali nusu, ukikitazama kwa karibu utaziona pumba moja moja, zimelala kama magamba ya samaki. Kigonge kwa kidole, usikie. Ndicho ulichoangukia. Kiweke pembeni ya ule ukurasa, ambao nao sikuuchana, nimekuwekea daftari lenyewe. Halafu ipige hesabu upya. Hutahitaji kumuuliza mtu.

Ukitaka kukitupa, kitupe. Ukitaka kukaa huko usinipigie simu mpaka mwaka uishe, nitaelewa, ila mwambie mama yako mkubwa awe ananiambia kama unakula.

Namwona bibi yako anakusindikiza, mmefika kwenye nguzo ya umeme iliyoanguka. Anatembea polepole ili wewe usione kuwa yeye ndiye anayekusubiri. Niandike haraka.

Wale watoto wa chekechea wataruka, Nyemo. Huwezi kuwazuia, mtoto akiona lundo la kitu anaruka, liwe pumba, liwe maganda ya alizeti, liwe majani. Hutaki kiwanja, lakini kiwanja kitakuja hapo ulipo na uji wako. Siku hiyo, kabla ya yule wa kwanza kupanda, mwambie asubiri. Piga goti upande ule mzima, uingize mkono, usiishie kwenye kifundo, uingize mpaka bega liguse, mpaka upaguse chini kwa vidole vyako mwenyewe.

Na mtu akikuambia usijisumbue, hapo ni laini, usimwamini. Hata akiwa mama yao.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Nyemo